Baba Aliyesimama Getini

Ndugu msomaji, kabla hujafunua ukurasa kutafuta mashairi ya mapenzi, hebu nipe dakika chache nikusimulie jinsi baba yangu mzazi alivyotokea kwenye mtihani wa Kiingereza, na mimi mwanawe wa kumzaa nikakosa swali lake.

Ilikuwa mwaka 2023, usaili wa kazi ya karani wa stoo katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Nafasi mbili, sisi zaidi ya sitini. Wengi wetu ni watu wa kidato cha nne, tumemaliza zamani, tumechoka kukaa maskani, vyeti tumevishika ndani ya bahasha za kaki kama watu waliobeba mayai. Tukaambiwa kwanza kuna mtihani wa Kiingereza, maswali 50 ya kuchagua, dakika 45, na atakayepata chini ya 35 asisubiri kuitwa jina. Hivi karani wa stoo anahitaji ung'eng'e kiasi gani kuhesabu mifuko ya saruji? Lakini hilo tuliache, maana nikilianza sitafika.

Swali la 22 lilisema hivi:

"The man ______ at the gate is my father."

Na majibu yake manne: A, "standing". B, "who stands". C, "who standing". D, "is standing".

Nilitabasamu peke yangu kama chizi. Baba yangu ni mlinzi. Tangu mwaka 2006, mimi nikiwa mtoto wa chekechea, alikuwa anasimama kwenye geti la ghala moja Barabara ya Nyerere, zamu ya usiku, rungu mkononi, koti lile la kijani ambalo mama alilishona kwapani mara tatu. Kusimama getini ndiyo ada yangu ya shule, ndiyo unga, ndiyo kodi ya chumba. Sasa leo mtu ananiuliza mimi kuhusu mzee aliye getini ambaye ni baba yangu? Nikazungushia B bila kupepesa macho. The man who stands at the gate is my father. Wala sikufikiri mara mbili.

Nikapata 31. Nikamwomba dada wa mapokezi anioneshe karatasi yangu, akanihurumia, akanionesha. Swali la 22 lilikuwa na mkasi mwekundu, na pembeni wameandika A.

Nikwambie ukweli, sisemi kwamba swali hilo peke yake ndilo lililoninyima kazi. Nilikosa mengine kumi na manane, na mengi yalikuwa ya ukoo huo huo: sentensi ina pengo katikati, unachagua uweke neno la "-ing", au la "-ed", au uje na "who" na "which". Sita kati ya manane ya namna hiyo nilichemsha. Lakini hayo mengine niliyakosa kwa ujinga tu, na ujinga una dawa. Lile la 22 lilinikera kwa sababu nilikuwa nina hakika, na nilikuwa namjua mtu mwenyewe.

Basi nikarudi tuisheni. Ndiyo, mtu mzima na ndevu zangu, nakaa benchi moja na madenti wa kidato cha tatu katika banda moja la Buguruni. Ticha wetu ni kijana tu, hana hata gari, lakini Kiingereza kwake ni kama fundi baiskeli na spoku. Nilipompa swali langu hakuanza na kanuni. Alituuliza, "Daladala ina madereva wangapi?"

Tukasema mmoja.

"Sentensi ya Kimombo ni daladala," akasema. "Dereva ni kitenzi kimoja chenye wakati wake. Akitokea dereva wa pili, haruhusiwi kuushika ule usukani. Aje na gari lake, tulifunge kwa kamba nyuma ya letu, na kamba zenyewe ni who, which, that. Hana kamba? Basi avue sare ya udereva, aingie kama abiria. Standing, selling, broken, written, hao wote ni abiria." Yeye abiria hao aliwaita kwa jina lao la darasani, patisipo. Mimi mpaka leo nawaita abiria.

Sasa rudi kwenye swali langu. Dereva yumo tayari, naye ni "is", ile "is" ya "is my father". Ukiweka D, "is standing", umepakia dereva wa pili bila kamba, wanagombea usukani, gari linaingia mtaroni. Ukiweka C, "who standing", umefunga kamba lakini gari la nyuma halina mtu kwenye usukani, nalo litaingia mtaroni. C ni mtego, akasema Ticha, wanautega kwa ajili ya yule aliyesoma nusu, anayekumbuka kuwa kulikuwa na "who" na kulikuwa na "-ing" lakini hakumbuki kwamba havikai pamoja. Nilishtuka, maana kwenye swali la 31 nilikuwa nimeingia humo humo.

Zikabaki A na B. Abiria, au gari la kuvutwa lenye dereva wake. Nikanyoosha mkono, "Ticha, sasa hizi zote mbili si sahihi?"

Akakuna kidevu. Hiki ndicho ninachompendea, hadanganyi. Akasema ndiyo, kwa sarufi tupu zote mbili zinasimama, na aliyetunga swali alipaswa kuweka alama ya kutofautisha, walau neno "now" au "every night". Lakini ukikutana nazo pamoja bila alama, uchague A. Kwa nini? Akaandika ubaoni:

"The woman selling maandazi is my aunt."

"The woman who sells maandazi is my aunt."

"Wa kwanza," akasema, "mnamwona pale dirishani, anauza sasa hivi. Pengine ni mwalimu, leo kamshikia mwenzake beseni. Wa pili anaweza kuwa amelala kwake saa hizi, lakini kazi yake ni maandazi." Sasa mtu wa getini kwenye swali, mwulizaji anakuonesha kidole: yule pale. Hajakwambia kazi yake. Kakwambia alipo.

"Lakini Ticha, huyu mtu anasimama pale kila siku," nikasema.

"Nani kakwambia?"

"Namjua."

Darasa zima likaangua kicheko, na kadenti kamoja ka mbele kakageuka kuniangalia. Ticha naye akacheka. "Kaka, mtihani haumjui baba yako."

Nikafunga mdomo, lakini moyoni nikawa nabishana. Na nilipata hoja, maana nilikwenda kuitafuta. Kuna kile kitabu cha Raymond Murphy, "English Grammar in Use", kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985, ambacho nadhani mitaani kina fotokopi nyingi kuliko nakala halisi. Humo nikakuta kwamba abiria wa "-ing" si lazima awe wa sasa hivi tu, anaweza kubeba hata jambo la siku zote, kama barabara inayounganisha vijiji viwili: barabara haiunganishi leo ikapumzika kesho. Kwa hiyo "standing" ingeweza kumbeba baba yangu pia, na mlinzi wa miaka kumi na saba, na mpita njia aliyejikinga mvua. Ndiyo maana walioweka majibu waliipenda, nikawaza. Neno halijali. Linamchukua yeyote.

Siku zilizofuata Ticha alitupeleka kwenye mipaka ya ufupishaji, yaani wapi huwezi kumvua dereva sare hata kwa dawa. Hapa nitapita haraka, ila kama una mtihani mbele yako ushike mawili matatu. Ukiwa na "the letter which I wrote", huwezi kusema "the letter writing", kwa sababu barua haikuandika, niliandika mimi. Unachoweza ni kuitupa "which" ikabaki "the letter I wrote", au kuigeuza barua iwe ndiyo iliyotendwa: "the letter written by me". Na ukiwa na tendo la mara moja lililokwisha, kama "the boy who broke the window has run away", usithubutu kusema "the boy breaking the window has run away", maana utakuwa umemkuta mtoto bado anavunja na hapo hapo kakimbia. Halafu kuna wale abiria wa "-ed" wenye sura moja na madereva. "Sent" ni dereva na "sent" ni abiria, utawajuaje? Mwaka 1970 mwanaisimu wa Marekani, Thomas Bever, alitoa mfano wa sentensi ya farasi aliyekimbizwa mbele ya ghala akaanguka, "The horse raced past the barn fell", na wenye lugha yao wenyewe wakaisoma wakakwama njiani, wakidhani farasi ndiye dereva wa "raced". Nilipolisoma hilo nililala usingizi mzuri sana.

Maana Kiswahili hapo hakina shida hata chembe. Farasi aliyekimbizwa. Ile -ye- inakwambia kuwa hili ni gari la kuvutwa, ile -zwa inakwambia kwamba alikimbizwa. Vyote vimo ndani ya neno moja, umepanda na umeshafika.

Basi bwana, usiku mmoja nikachukua kaunta buku langu. Wanaonijua wanajua kwamba naandika riwaya, na wasionijua sasa mnajua. Ni riwaya ya mlinzi wa usiku anayeona jambo ambalo hakupaswa kuliona. Sura ya kwanza nimeiandika mara nne. Usiku huo nikaiacha, nikaandika swali la 22 kwa Kiswahili, nione lugha yangu itachagua nini.

Mtu aliyesimama getini ni baba yangu.

Nikaisoma tena. Aliyesimama. Mbona ina -li-? Baba hakusimama jana, kasimama sasa. Mtu amesimama getini, ndivyo tunavyosema, tena tukimaanisha sasa hivi, yuko wima pale. Lakini hiyo -me- ukitaka kuitia kirejeshi katikati inagoma, hakuna "ameyesimama" popote duniani. Utazunguka uje na "ambaye amesimama", au utaazima -li-, na sisi wote tunaazima -li- bila kujua kama tumekopa. Aliyelala fofofo, aliyevaa koti, aliyekaa, aliyebeba mtoto: hao wote hawajamaliza, bado wamelala, bado wamevaa, bado wamekaa, na mtoto bado yuko mgongoni.

Ndipo nikaelewa kwa nini jirani yangu wa benchi alikuwa kila mara anajibu "who stood". Alikuwa anasikia aliyesimama kichwani, anaona -li-, anakwenda moja kwa moja kwenye wakati uliopita, kumbe hiyo -li- haina jana ndani yake. Inamfaa mtu aliyesimama sasa na aliyesimama wakati ule: mtu aliyesimama getini ni baba, mtu aliyesimama getini alikuwa baba. Sasa angalia Kiingereza. The man standing at the gate is my father. The man standing at the gate was my father. Abiria yule yule, hana saa yake, anakwenda na saa ya dereva. Aliyesimama yetu ndiyo "standing" yao! Nilitaka kumwamsha mtu nimwambie, lakini chumba kizima walikuwa wamelala na mtu wa kumwambia alikuwa lindoni.

Na ile "who stands" yangu? Hiyo kwa Kiswahili ni kitu kingine kabisa. Anayesimama getini kila siku. Au ile ya wazee wa enzi za Shaaban Robert, asimamaye getini, isiyo na jana wala leo, inayokwambia kwamba kusimama ndiyo hali yake mtu huyo. Nikaziandika tatu zote, moja chini ya nyingine, na wa kwanza tu ndiye aliyekuwa jibu la mtihani. Wale wengine wawili walikuwa baba.

Nisije nikawafanya mkadhani nimekuwa profesa. Wiki ile ile Ticha alinipa insha nikaandika, "Walking to school, a dog bit me." Akaniuliza huyo mbwa alikuwa anasoma shule gani. Kumbe abiria asiyetajiwa mwenyewe anadandia kwa jina la kwanza analolikuta mbele, na la kwanza lilikuwa mbwa. Nikaona nimeonewa, kwa sababu Kiswahili nikisema "nikienda shule mbwa akaniuma" hakuna mtu atakayempa mbwa daftari. Ile ni- imo ndani ya kitenzi, mwenye safari ni mimi. Kimombo kimemnyang'anya abiria kitambulisho halafu kinamlaumu akishuka kituo siyo.

Baba nilimhadithia asubuhi moja, alipotoka lindoni. Huwa anafika saa moja, anavua viatu mlangoni, anakaa kwanza kabla ya kunawa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Yale majibu ya usaili vipi?"

"Yalitoka zamani, baba. Nilichemsha. Niliona haya kukwambia."

Hakunigombeza. Akaniuliza maswali yalikuwaje, na mimi nikamsomea lile la 22, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Baba kaishia darasa la saba, Kiingereza chake ni cha kufungulia geti tu, lakini ana sikio.

"Kwa hiyo wamenitungia swali mimi?"

"Siyo wewe baba. Ni mtu yeyote."

"Mtu yeyote kasimama getini, halafu ni baba yako. Mbona ndo mimi huyo." Akacheka mwenyewe. "Ukajibu nini?"

"Nikajibu kwamba ndiyo kazi yako, unasimama pale siku zote."

"Na wao wakasemaje?"

Nikatafuta maneno. "Wakasema umesimama tu."

Baba akatazama viatu vyake pale mlangoni. Hakusema kitu. Baadaye akaingia kulala, na mimi nikabaki najilaumu, kwa nini sikumtafsiria vizuri zaidi, maana kwa sarufi nilikuwa sijakosea.

Mwaka uliofuata, 2024, mguu wa kulia ukaanza kuvimba. Kwanza ulikuwa unavimba alfajiri na kunywea mchana, halafu ukaacha kunywea. Daktari akasema apunguze kusimama. Sasa we fikiria kumwambia mlinzi apunguze kusimama. Baba akaomba kiti pale getini, akaambiwa mlinzi aliyekaa ni mlinzi aliyelala. Alivumilia miezi minne. Akapata bosi mpya, kijana, akataka walinzi wenye miguu, akamlipa mshahara wa mwezi mmoja na kumshukuru kwa utumishi mrefu. Rungu lilikuwa la kampuni. Koti lilikuwa la kwake, akarudi nalo.

Juzi nilikuwa nje na kaunta buku langu, nimekwama palepale kwenye sentensi ya kwanza ya sura ya kwanza. Nilikuwa nimeandika "Mzee asimamaye getini", nikaikata. Nikaandika "Mzee aliyesimama getini", nikaikata. Baba alikuwa kwenye mkeka chini ya mwarobaini, mguu ameunyoosha juu ya mto. Akaniuliza ninachokatakata ni nini, nikamwambia. Akakumbuka.

"Lile swali lako la Kiingereza. Siku hizi jibu lake lipi?"

Nikapiga hesabu. "Standing" haiwezekani, hasimami. "Who stands" haiwezekani, siyo kazi yake tena.

"Majibu yote manne hayafai, baba. Siku hizi ni 'the man who used to stand at the gate'. Yule aliyekuwa akisimama."

"Huu yuzdi tu stendi," akajaribu. Akairudia polepole. "Ndefu. Haifupishwi, kama ile waliyoitaka wao?"

Nikajaribu kichwani kumvua dereva sare. Abiria hana saa yake. Ukimpandisha kama abiria, ule wakati wote, tangu 2006, unabaki kituoni.

"Haifupishwi, baba."

"Basi iandike hivyo hivyo," akasema. "Halafu niletee maji ya kunywa."